Daftari la Miraa na Fedha za Maharamia

Januari 2009 meli ya mafuta ya Saudia, Sirius Star, iliachiliwa baada ya kikombozi cha dola milioni 3 hivi kuangushwa kwa parachuti. Boti ya baadhi ya maharamia waliokuwa wakirudi pwani ilipinduka, watano wakafa maji. Maiti ya mmoja wao iliripotiwa kuokotwa ufukweni na dola 153,000 kwenye mfuko wa plastiki. Swali letu sisi wachambuzi likawa moja: zingefika salama, zingegawiwa nani?

Watu wakisikia nachunguza uhusiano wa uharamia na ugaidi hudhani nashinda kwenye manowari, darubini mkononi. Nashinda mezani, au mkekani na kina mama. Huko Somalia miraa (mirungi, kwa wasomaji wa Tanzania) huuzwa zaidi na wanawake. Maharamia wanaolinda meli iliyotekwa hutafuna kwa mkopo miezi kadhaa, kwa bei iliyopandishwa mno, na deni hukatwa siku kikombozi kinapoingia. Kwa hiyo daftari lipo. Mama mmoja aliyewahi kuuza Hobyo, mji wa pwani ya Somalia, kabla ya kuhamia Eastleigh, Nairobi, alinifungulia lake: majina ya utani, idadi ya mabunda, mistari ya kalamu nyekundu kwa waliomaliza. "Mwanangu, mimi simuulizi mtu kazi yake," aliniambia. "Namuuliza atalipa lini." Afisa mwanamume asingekaribishwa mkeka ule.

Utafiti wa Benki ya Dunia, Interpol na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu, uliotoka 2013, ulikadiria kuwa kati ya Aprili 2005 na Desemba 2012 maharamia wa pwani hiyo walilipwa dola milioni 339 hadi 413. Kijana wa kwenye boti alipata dola 30,000 hadi 75,000 kwa meli. Wafadhili walibeba asilimia 30 hadi 75 ya kikombozi. Na huko Harardhere, mji mwingine wa pwani hiyo, al-Shabaab waliwadai maharamia "kodi ya maendeleo" ya asilimia 20.

Kodi hiyo ndiyo iliyowaunganisha maharamia na al-Shabaab. Ni kama machinga na mgambo: hawapendani, lakini ushuru unalipwa. Wapiganaji wa Hizbul Islam, kundi jingine la Kiislamu lenye silaha, walipoingia Harardhere Mei 2010, maharamia walipakia magari yao wakakimbilia Hobyo. Ndugu hawakimbiani hivyo.

Neno moja kwenye ripoti yangu linaweza kumfunga mtu. Mkataba wa Sheria ya Bahari, kifungu cha 101, unauhesabu uharamia kuwa uhalifu wa manufaa binafsi. Al-Shabaab nayo iko kwenye orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa tangu Aprili 2010. Nikiandika kwa pupa kwamba hawa na wale ni wamoja, mwenye meli anayelipa ili mabaharia wake watoke anaweza kushtakiwa kwa kufadhili ugaidi. Mazungumzo yakikwama, anayeoza ndani ya meli ni baharia.

Septemba 2011 mtalii Mwingereza alitekwa karibu na Kiwayu, Lamu, mumewe akauawa. Midomo mingi ilitaja al-Shabaab papo hapo. Kumbe mama yule aliishia mikononi mwa maharamia, akatolewa Machi 2012 kwa kikombozi. Oktoba ya mwaka uleule wa 2011 jeshi la Kenya lilikuwa limeshavuka mpaka. Uvamizi ule ulikuwa na sababu zaidi ya moja, lakini haraka ile ya kutaja jina hunikosesha usingizi hadi leo.

Sasa upepo umegeuka kidogo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti mapema 2025 kwamba al-Shabaab walikutana na Wahouthi, waasi wa Yemen, nchini Somalia mwaka 2024, wakaomba silaha na mafunzo, na kwamba walitakiwa waongeze uharamia Ghuba ya Aden na pwani ya Somalia. Ikiwa ndivyo, mgambo hangoji tena machinga auze, anamtuma.

Wauza mashine za boti na mawakala wa hawala (wanaotuma fedha kwa kuaminiana, bila benki) wataliona hilo kabla yangu: mtu asiyejua kuvua anayenunua injini tatu na ngazi ndefu kwa fedha taslimu. Nami nikirudi Eastleigh simuulizi tena yule mama nani bado anadaiwa. Namuuliza jamaa zake waliobaki Hobyo wanasema nani siku hizi analipa kabla meli haijatekwa.