Nguvu za kiume na testosteroni: ninachouliza kabla ya sindano

Wanaume wengi wanaofika kliniki kwangu hueleza shida yao kwa maneno yaleyale: nguvu za kiume zimepungua. Maneno hayo yamebeba mambo matatu, yaani kusimama kwa uume, hamu ya tendo la ndoa na uwezo wa kutungisha mimba, na kazi yangu ya kwanza ni kuyatenganisha. Mwenye hamu kamili ambaye uume hausimami sawasawa mara nyingi ana tatizo la mishipa ya damu, lililoletwa na kisukari, presha au sigara. Upungufu wa testosteroni, yaani homoni kuu ya kiume, kwa kawaida hujionyesha kwa hamu kufifia na kwa kutoamka tena alfajiri uume ukiwa umesimama.

Hata hivyo dalili pekee hazitoshi. Homoni hii hupanda asubuhi na kushuka kadiri siku inavyosonga, hivyo damu hutolewa kabla ya saa nne asubuhi, mgonjwa akiwa hajala, na jibu likiwa chini kipimo hurudiwa siku nyingine. Mwongozo wa madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani huweka mpaka kwenye nanogramu 300 kwa desilita. Nimepokea wagonjwa walioanzishiwa sindano za testosteroni kwa kipimo kimoja cha alasiri, wengine wakiwa na homa, ambayo nayo huishusha homoni kwa muda. Jambo hilo hunisikitisha sana.

Kwa mwenye kitambi, naanza na kitambi. Mafuta ya mwili yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike, na mtu anapopunguza uzito kwa kiasi kikubwa homoni yake hupanda bila dawa. Usingizi pia una uzito wake: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kutoka Chicago, vijana wenye afya waliolala saa 5 kwa usiku kwa wiki moja walishuka testosteroni kwa asilimia 10 hadi 15. Ndiyo maana mlinzi wa usiku namuuliza kwanza analala lini.

Wapo ambao korodani zao zimeharibika kweli, kwa mfano baada ya matubwitubwi ya ukubwani, na hao wanahitaji homoni. Lakini kabla sijaandika dawa huuliza kama mgonjwa bado anataka watoto. Testosteroni inapoingizwa kutoka nje, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huhesabu kwamba imetosha, huacha kuziamuru korodani, na mbegu hupungua, pengine hadi kutoonekana kabisa. Zikirudi, huchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Kijana aliyeoa juzi akachomwa sindano ili "apate nguvu" anaweza kujikuta anatafuta mtoto huku dawa yenyewe ndiyo inayomzuilia. Kwa mtu kama huyo, ikiwa korodani bado zinaweza kufanya kazi, hufikiria dawa ya klomifeni au homoni ya hCG, ambazo huziamsha badala ya kuzilaza.

Anayeanza tiba hurudi kupimwa damu na tezi dume. Damu ikiwa nzito mno, yaani hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) ikizidi asilimia 54, nasimamisha dawa hadi ishuke, kisha naanza upya kwa dozi ndogo.