Mbolea umeweka, lakini udongo wako unaishikaje?

Wakulima wengi wa huku Nyanda za Juu Kusini wakituletea sampuli maabara swali ni lile lile, nimeweka mbolea sawasawa na jirani mbona yeye kavuna mimi sina kitu. Jibu mara nyingi liko kwenye chembe ndogo kabisa, zile zisizofika milimita 0.002, yaani mfinyanzi, pamoja na mboji. Hizi zina chaji hasi kwahiyo zinashikilia virutubisho vyenye chaji chanya, yaani potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na ile amoniamu inayotokana na urea. Naitreti nayo ina chaji hasi, haishikiki, mvua kubwa ikipiga inazama nayo chini huko mizizi haifiki.

Sasa mfinyanzi sio wa aina moja. Ule mweusi wa mbuga za Usangu una smektaiti, aina ya madini ya mfinyanzi, matabaka yake yanafunguka maji yakiingia ndo maana unavimba, na kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Kilo 1 ya smektaiti inashika sentimoli 80 hadi 120 za virutubisho (sentimoli ni kipimo cha maabara cha kiasi cha chaji inayoshikwa). Mwekundu wa Mufindi umejaa aina nyingine, kaolinaiti (wekundu wenyewe ni wa madini ya chuma), matabaka yamebana, hauvimbi, na kaolinaiti inashika sentimoli 3 hadi 15 tu! Mboji inaweza kupita 200. Kwahiyo wewe wa udongo mwekundu unapochoma mabua ambayo yangeoza yawe mboji, ukisema unasafisha shamba, unachoma ghala lenyewe, na hili linaniuma kila mwaka nikiona moshi umetanda.

Rungwe ni habari nyingine kabisa, pale ni majivu ya volkano, kuna alofeni, madini yanayotokana na majivu hayo, udongo mwepesi mkononi, mweusi, mboji kibao, mtu anaona una rutuba ya kutosha. Shida ni fosforasi, alofeni inaikamata kwelikweli viazi vinabaki vinahangaika, kwahiyo mbolea ya kupandia usiimwage shamba zima, iweke kwenye mstari karibu na mbegu ila isigusane nayo, na ukichanganya samadi unasaidia sana.

Chokaa kwenye udongo wenye asidi inaongeza chaji hasi za mboji na za kaolinaiti, yaani nafasi za kushika mbolea zinaongezeka, lakini usinunue kabla hujapima pH, yaani kiwango cha asidi. Chota udongo sehemu mbalimbali za shamba, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, halafu tuletee kama nusu kilo hivi.