Malipo yalitangulia tovuti Nairobi

Kazi yangu ni kuwasaidia wafanyabiashara wadogo wa Nairobi kuuza mtandaoni. Karibu kila mmoja huanza kwa kuuliza gharama ya tovuti. Wengi wao hawaihitaji, na ukitazama tulikotoka utaelewa kwa nini.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtu wa kawaida aliingia intaneti akiwa saiba, akilipa kwa dakika. Mawasiliano yalipitia setilaiti, ghali na ya kusuasua. Kampuni zenye tovuti ziliifanya bango tu: anwani, namba ya ofisi, basi. Mteja angelipaje, ilhali kadi ya benki walikuwa nayo wachache?

Machi 2007 Safaricom ikazindua M-Pesa. Nyaya za intaneti za baharini, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa 2009. Kwa hiyo simu janja zilipoenea, muuza mitumba wa Gikomba alikuwa amekwisha kuzoea kupokea hela kwa simu. Alichokosa ni mahali pa kutundika picha. Facebook, kisha Instagram na WhatsApp, zikampa mahali hapo bila kumlipa fundi. Mama aliyeanza bila mtaji wa kukodi duka aliweza kuuza. Hilo nalithamini kuliko programu yoyote ya kifahari.

Kigumu kikabaki uaminifu. Mteja wetu huuliza kwanza, "Duka liko wapi?" Ndiyo maana wauzaji wengi wa mtandaoni bado wanalipia kibanda katikati ya jiji: mteja ajaribu kiatu, achukue mzigo, ajue pa kurudi kikimbana. Mteja wa Rongai, nje ya jiji, hutumiwa mzigo kwa matatu. Wa karibu huletewa na bodaboda, na dereva wake huelekezwa kwa kanisa, kituo cha petroli, geti la buluu, maana mitaa mingi haina namba za nyumba.

Kwa hiyo ninapokaa na muuzaji mpya, kwanza tunashughulikia till ya Lipa na M-Pesa, yaani namba ya biashara ya kupokea malipo, yenye jina lilelile la ukurasa wake. Mteja akiona jina geni wakati wa kulipa, husita, na ana haki. Pili, bei iandikwe chini ya kila picha. Ile tabia ya "bei njoo inboksi" inaudhi: mnunuzi huhisi anapimwa mfuko kabla ya kutajiwa bei, naye huhamia kwa jirani aliyeiandika. Tovuti tutaizungumzia oda zikizidi uwezo wa simu moja.