Oska Kalala Ubavu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Oska ni samaki wa bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini. Dukani huuzwa akiwa na sentimita tano hivi, mrembo, mwenye macho ya kufuata watu. Kabla ya mwaka kuisha anakaribia sentimita 25, na akitunzwa vizuri anapita 30 na kuishi miaka 10 au zaidi. Siku akiugua, washauri ni wengi. Haya ndiyo yanayorudiwa sana, na si yote ni uongo mtupu.

"Kalala ubavu, huyo anakufa."

Pengine kanuna tu. Oska ana tabia hiyo: umemhamisha tangi, umebadilisha mchanga au umemwondoa mwenzake, basi anajilaza chini, rangi inafifia, na chakula anakisusa siku moja au mbili. Kabla ya kukimbilia dawa, mtazame jicho na vifuniko vya matamvua. Aliyenuna bado anakufuata kwa jicho na anapumua taratibu. Mgonjwa anahema mbiombio, mapezi kayabana mwilini, au kapanda juu kwenye mapovu ya pampu na kuganda hapo. Huyu hangojwi mpaka kesho.

"Maji ni maangavu, kwa hiyo tatizo si maji."

Amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, haina rangi. Samaki huitoa muda wote kupitia matamvua, na mabaki ya chakula huiongeza. Bakteria wanaoishi kwenye sponji ya chujio huigeuza kuwa naitraiti, nayo ni sumu, kisha naitreti, ambayo ni afadhali. Naitraiti ikiingia kwenye damu huizuia kubeba oksijeni. Damu inakuwa ya kahawia, na samaki anatweta ilhali pampu ya hewa inafanya kazi. Vipimo vya matone ndivyo vinavyosema ukweli: amonia sifuri, naitraiti sifuri. Mimi sigusi dawa yoyote kabla ya kuona namba hizo. Na tuseme wazi: oska mkubwa mmoja anahitaji kama lita 300. Aliyefugwa katika lita 80 ataugua kila mara, umpe dawa usimpe.

"Mwaga maji yote, sugua tangi, osha chujio bombani."

Hii inaua, na inauma kwa sababu mtu huifanya kwa huruma. Klorini ya bomba huangamiza bakteria wa kwenye sponji, kwa hiyo tangi linalong'aa leo litajaa amonia baada ya siku chache.

Lipo na jingine ambalo wengi hawalijui. Tangi lililokaa miezi bila kubadilishwa maji, pH yake hushuka, yaani maji huzidi kuwa na tindikali, na kwenye maji ya namna hiyo amonia nyingi hukaa kama amoniamu isiyo na makali. Ukimwaga nusu ukajaza kwa mkupuo maji ya kisima yenye pH ya juu, amoniamu iliyobaki inageuka amonia kali papo hapo. Samaki aliyekuwa anayumba asubuhi anakufa jioni, na lawama zinaangukia ugonjwa.

Tangi la namna hiyo hurudishwa taratibu, sehemu ya kumi ya maji kila siku. Tangi linalotunzwa, theluthi moja kwa wiki inatosha, kwa maji yenye joto lilelile. Klorini huondoka maji yakilala usiku kucha kwenye ndoo huku pampu ya hewa ikifanya kazi. Kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, haiondoki hivyo; hiyo hutaka dawa yake. Sponji ikamulie ndani ya maji uliyoyachota tangini humohumo.

"Matundu ya kichwani ni minyoo inamtoboa."

Si minyoo. Huanza kama vitobo vya pini juu ya macho, vikapanuka, pengine vikatoa uzi mweupe ambao ndio unaowadanganya watu. Wapo vimelea wadogo wa utumbo wanaohusishwa na ugonjwa huu, lakini maji machafu na chakula duni vinahusika pia, na wataalamu bado wanabishana ni kipi hutangulia.

Metronidazo, dawa ya vimelea, husaidia pale vimelea wapo kweli: mavi meupe ya kamasi, mgongo kukonda. Iwekwe kwenye chakula, kwa kuwa samaki wa maji baridi hanywi maji ya kutosha kuipata humo. Kiasi kinachotumika ni miligramu 50 kwa kila kilo ya samaki, kwa siku, siku tano. Oska wa nusu kilo basi ni miligramu 25, yaani sehemu ya nane ya kidonge cha miligramu 200. Watu humpa kidonge kizima! Na acha kumlisha moyo wa ng'ombe kila siku, pamoja na samaki wadogo wa dhahabu: hao huharibu vitamini B1 mwilini mwake na humletea vimelea.

"Madoa meupe yameisha, acha dawa."

Punje zile zinazofanana na chumvi ni vimelea waliojificha chini ya ngozi, ambako dawa haiwafikii. Wakikomaa hudondoka, kila mmoja hugawanyika kuwa mamia, na hao wachanga ndio dawa inayowaua wakiogelea kumtafuta samaki. Kwa hiyo doa lililotoweka laweza kuwa limeshuka kuzaana. Endelea angalau wiki moja zaidi. Oska huvumilia nyuzi 30. Pandisha joto polepole na uongeze hewa, maana maji ya moto hubeba oksijeni kidogo.

"Chumvi yenye madini joto ikitiwa tangini itamuua."

Haimuui. Madini joto yaliyomo ni kidogo mno.

"Tetrasaiklini inatibu kila kitu."

Ni dawa ya bakteria. Haigusi fangasi wala vimelea, na kwenye maji magumu hushikwa na kalsiamu ikapoteza nguvu.

"Samaki hana daktari."

Anaye. Daktari wa mifugo mwenye hadubini akikwangua ute kidogo na kukata ncha ya tamvua, hupata jibu ambalo wiki nzima ya kubahatisha haitoi. Samaki mkubwa hata hulazwa usingizi na kupasuliwa; mafuta ya karafuu, hii hii ya Pemba, ni mojawapo ya dawa zake za usingizi. Anzia kwa wanaohudumia wafugaji wa sato, maana daktari wa mbwa na paka huenda hajawahi kumshika samaki. Magamba yakisimama na tumbo likijaa, usikawie: mara nyingi figo zimeshaguswa. Nenda na maji ya tangi kwenye chupa ya peke yake, na samaki awe hai. Aliyekufa tangu usiku hana msaada kwa hadubini. Vimelea wengi huwa wameshamwacha na uozo umeanza.