Ukiambiwa Umezeeka Kazini, Usikubali Kudanganywa na Haya

Mama mdogo wangu kapika jikoni hotelini miaka mingi, siku moja bosi akamwambia "tunataka damu changa", akapewa barua ya mistari minne basi. Mtaa mzima ukamwambia aachane nao. Karibu kila tulichoambiwa kilikuwa uongo, nayaandika maana yanaumiza watu wengi hapa Tanzania.

"Umri haumo kwenye sheria." Umo! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa umri kama wa kabila, dini au ujauzito, na sio wazee tu, hata kijana anayeomba kazi akakataliwa kisa "bado mtoto" anaingia. Kustaafu kwa umri mliokubaliana kwenye mkataba hilo ni jambo lingine.

"Huna ushahidi, yalikuwa maneno tu." Maneno nayo ni ushahidi. Ukionyesha dalili za kueleweka kwamba umebaguliwa, mwajiri ndo anatakiwa athibitishe kwamba haikuwa hivyo. Mama mdogo alikuwa na kidaftari cha oda, kina madoa ya mafuta, humo kaandika kwa penseli tarehe na maneno ya bosi, na kwenye simu meseji ya supavaiza "nyie wamama mpumzike sasa".

"Subiri kwanza muongee yaishe." Hii ndo mbaya kuliko zote jamani. Ukiachishwa kazi una siku 30 tu za kupeleka mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi, malalamiko mengine siku 60, na huku HR anakupiga kalenda, njoo Jumatatu, bosi kasafiri, njoo wiki ijayo, siku zinakatika. Sisi tulishtuka siku ya 24. Ukichelewa unaweza kuomba uongezewe muda ila lazima uwe na sababu ya msingi.

"Lazima wakili." Hapana, unaenda mwenyewe au na mtu wa chama cha wafanyakazi. Unajaza fomu ya CMA F.1, nakala unampelekea mwajiri kwanza, wakipokea wagonge muhuri. Sisi mlinzi getini alikataa hata kuishika ile bahasha, tukaenda posta tukatuma kwa rejista, mama mdogo akaifunga risiti kwenye pindo la kanga mpaka tulipofika dirishani CMA akaifungua.