Je, wajua kwa nini mashindano ya mpira hupenda miji ya bandari?

Usiku wa tarehe 28 Januari 2024 watu wa Kenya hawakulala. Naongelea Kenya yetu, komuni ya hapa Lubumbashi, si ile nchi ya Nairobi. Leopards, timu ya taifa letu la Kongo, walikuwa wametoka 1-1 na Misri kwenye Kombe la Afrika, dakika 120 zimekwisha, na penalti zimepigwa mpaka zamu ikawafikia makipa. Gabaski wa Misri akagonga mwamba. Lionel Mpasi wetu akaweka wavuni. 8-7. Kelele zilipopungua, mtoto mmoja akauliza swali ambalo sisi wakubwa hatukuwa tumelifikiria: huko San-Pédro wanakocheza ni wapi?

Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli ndiye aliyejibu. «Ile ni muji ya bandari, mwanangu. Batu ya kule banazobelea bageni.»

Jibu hilo, kwamba watu wa mji wa bandari wamezoea wageni, lilinikaa kichwani, nikaanza kuhesabu. Kwenye kombe lile la Côte d'Ivoire, Leopards walicheza mechi saba. Zambia, Morocco na Misri walikutana nao San-Pédro. Guinea, wenyeji Côte d'Ivoire na Afrika Kusini walikutana nao Abidjan. Mechi na Tanzania peke yake ndiyo iliyochezwa Korhogo, kaskazini, mbali na bahari. Yaani sita kati ya saba zilichezwa mahali ambapo meli hutia nanga. Ratiba ilichangia, sikatai, maana Bouaké na Yamoussoukro nazo zilipata mechi na hazina hata tone la maji ya chumvi. Lakini San-Pédro ni mji mdogo. Kabla ya kujengewa bandari, miaka zaidi ya 50 iliyopita, palikuwa kijiji cha wavuvi. Leo ni mlango mkubwa wa kakao. Mji wa namna hiyo unapataje kupewa mechi za Kombe la Afrika?

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu tumelisahau: mpira wenyewe ulishuka kutoka melini. Mwishoni mwa karne ya 19, mabaharia, makarani na mafundi wa Kiingereza waliubeba kila walikopeleka makaa ya mawe na mashine. Ndiyo maana klabu kongwe za nchi nyingi ziko kwenye magati. Hispania ni Huelva, mwaka 1889, ambako Waingereza walikuwa wakisafirisha madini. Italia ni Genoa, mwaka 1893. Ufaransa ni Le Havre. Huko barani mpira ulifika baadaye, kwa treni.

Na Kombe la Dunia la kwanza kabisa, mwaka 1930, lilichezwa lote ndani ya mji mmoja wa bandari, Montevideo, Uruguay. Hakukuwa na ndege ya kuvusha timu bahari ya Atlantiki. Meli iitwayo Conte Verde iliondoka Genoa ikiwa na Waromania, ikawachukua Wafaransa kwenye pwani yao, ikapita Barcelona kwa ajili ya Wabelgiji, ikawabeba Wabrazili Rio de Janeiro, na tarehe 4 Julai ikafika Montevideo. Wachezaji walifanya mazoezi juu ya sitaha. Jules Rimet, rais wa FIFA, alikuwa humo humo na kombe lenyewe kwenye mizigo yake. Siku ya fainali, Waargentina kwa maelfu walivuka Río de la Plata kwa maboti kuja kuwaona wenzao wakifungwa 4-2. Ukungu uliwachelewesha baadhi yao. Nadhani hao ndio walioumia zaidi: kulipa nauli, kukosa mechi, na bado kufungwa.

Mtu atasema hayo ni ya zamani, siku hizi timu zinapanda ndege. Kweli. Basi twende Kasumbalesa, mpakani kwetu na Zambia.

Watu wengi wakisikia neno mashindano huona wachezaji na mashabiki. Mtu aliyezoea mpaka wa Kasumbalesa huona makontena. Viti vya plastiki, nyasi bandia, taa za uwanja, jenereta, skrini kubwa, nyaya za televisheni, vitanda vya hoteli, vioo, marumaru, mabasi. Kombe moja la mpira ni shehena kubwa yenye tarehe ya kufika isiyobadilika. Refa hawezi kuahirisha mechi kwa sababu lori la taa limekwama kwenye foleni.

Hapo ndipo bandari inapopata ushindi wake wa kwanza, na kwa maoni yangu ndio mkubwa kuliko yote. Kiti kikishushwa Dar es Salaam, kimefika. Kikiwa kinakuja Lubumbashi, safari ndiyo kwanza inaanza: kipande chote cha Tanzania mpaka Tunduma, Zambia nzima kutoka Nakonde hadi mpaka wetu, jumla karibu kilomita 2,000. Ukiamua kukipandisha TAZARA, ile reli iliyojengwa miaka ya 1970, itakufikisha Kapiri Mposhi baada ya kilomita 1,860, na bado hujaingia Kongo. Kila mpaka una karatasi zake, muhuri wake, na siku zake za kulala garini. Sisi wa Katanga tunaijua bei ya mambo hayo kila tunaponunua saruji au friji. Sasa zidisha kwa viti elfu arobaini.

Mji wa bandari hulipa safari moja. Tena una winchi, maghala, watu wa forodha, mafundi wa kreni, akiba ya mafuta. Hivyo vyote havikujengwa kwa ajili ya mpira. Vilijengwa kwa ajili ya kakao, shaba na mafuta, mpira ukaja kuvikuta vikifanya kazi. Hata upande wetu, taifa lenye ufukwe wa kilomita zisizofika 40 hivi, Matadi iko hapo ilipo kwa sababu meli za baharini haziwezi kupanda zaidi ya maporomoko ya mto Kongo. Tangu 1898 mzigo wa Kinshasa umekuwa ukishushwa Matadi na kupandishwa treni. Kila hatua ya kuupakia upya ni pesa.

Doha walilipeleka wazo hili mbali kabisa. Kwa Kombe la Dunia la 2022 walijenga uwanja karibu na bandari kwa kutumia makontena 974 ya kweli, yale yale tunayoyaona mgongoni mwa malori, wakauita Stadium 974, namba ambayo pia ni ya simu ya kimataifa ya Qatar. Ulipokea mechi saba, na tangu mwanzo ulichorwa ili uweze kufunguliwa vipande vipande baada ya kombe. Ni nani angewaza hivyo kama si mtu aliyekua akiangalia makontena yakipangwa na kupanguliwa?

Doha hiyo hiyo ilionyesha na faida nyingine, ya vitanda. Mji ukipokea wageni wengi kwa wiki nne tu, ujenge hoteli ngapi? Ukijenga chache, watu watalala barabarani. Ukijenga nyingi, mwezi unaofuata zitabaki na popo. Qatar walikodi meli kubwa za watalii, wakazifunga bandarini, zikawa hoteli zinazoelea. Kombe lilipokwisha, hoteli zikang'oa nanga zikaenda zao. Athens walifanya vivyo hivyo kwenye Olimpiki ya 2004, kwa meli zilizofungwa Piraeus. Lubumbashi hata tukitaka, meli hiyo tungeifunga wapi? Kwenye ziwa Kipopo labda, tukacheke.

Halafu kuna ardhi. Meli za kisasa ni kubwa mno kwa magati ya zamani, kwa hiyo miji mingi ya bandari imebaki na eneo tambarare, karibu kabisa na mjini, lisilo na kazi. Mjini Liverpool, klabu ya Everton imejenga uwanja wake mpya wa watu zaidi ya 52,000 ndani ya gati la zamani la Bramley-Moore. Walilijaza kwanza mchanga uliovutwa kutoka baharini, kisha wakasimamisha majukwaa juu yake. Uwanja ulifunguliwa 2025, na umo kwenye orodha ya viwanja vya Euro 2028. Kwa mji wa barani, kupata shamba la ukubwa huo katikati ya nyumba za watu ni kesi mahakamani ya miaka kumi.

Lakini yule mzee wa reli hakutaja makontena wala mchanga. Alitaja watu, na ana haki. Mji wa bandari unaishi kwa mtu asiyejulikana. Anashuka leo, hana lugha, hana pesa za mahali, ana njaa; kesho kutwa ataondoka na huenda hatarudi. Kwa hiyo pana mbadilisha-fedha anayejua sarafu tano, mama anayepika usiku wa manane, dereva wa teksi anayeelewa jina la hoteli hata likitamkwa vibaya. Lugha hii ninayoiandika ni ushahidi. Neno Kiswahili lenyewe linatokana na neno la Kiarabu la pwani. Ilizaliwa kwenye magati ili mtu wa huku na mtu wa kule waelewane bei, ikasafiri na misafara ya biashara mpaka Bunkeya kwa mfalme Msiri, na leo mtoto wa Kamalondo, komuni nyingine ya hapa, anaitumia kumtukana mshika kibendera, ingawa bahari hajawahi kuiona.

Sasa nisiwadanganye kwamba gati linatosha. Durban ni moja ya bandari kubwa za Afrika, na tarehe 7 Julai 2010 ilipewa nusu fainali ya Kombe la Dunia, Hispania na Ujerumani. Uwanja wa Moses Mabhida ulikuwa tayari, mji ulikuwa tayari. Kilichokwama ni uwanja mpya wa ndege: ndege binafsi za wakubwa zilijaa kwenye maegesho, ndege za abiria zikakosa pa kutua, na mashabiki wenye tiketi mkononi wakaikosa mechi. Bao la Puyol wa Hispania walilisikia tu. Mgeni wa leo hutoka angani, na mji wa bandari usiojiandaa kwa anga hauna tofauti na sisi.

Mombasa ni mfano mwingine. Mashindano ya CHAN, yale ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, yalipochezwa Kenya, Tanzania na Uganda mwezi Agosti 2025, mechi zote za upande wa Kenya zilichezwa Nairobi. Mombasa, bandari kubwa kuliko zote za pwani hiyo, haikupata hata moja. Bila uwanja unaokubalika, meli mia moja hazikusaidii kitu.

Na Lubumbashi yetu? Huu mji nao una damu ya bandari, ila bandari zake ziko mbali. Reli ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea kusini, na kwenye reli hiyo wakashuka watu wa kila rangi: wa Rhodesia, Wagiriki, Waitaliano, mapadri Wabenedikto ambao mwaka 1939 walianzisha timu tunayoiita leo TP Mazembe. Wageni tunawajua. Tarehe 8 Novemba 2015 tuliwapokea USM Alger kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa, tukawafunga 2-0, na kombe likabaki Kamalondo. Ila angalia hesabu: ile ilikuwa timu moja, kwa siku chache. Mashindano ni timu nne au nane zinazokaa wiki tatu, na mashabiki wao, na waandishi wao, na yale malori. Kumlisha mgeni mmoja bukari (ugali wetu) na samaki ni jambo moja. Kufungua hoteli ni jambo jingine.

Kombe la Afrika la 2027 wamepewa Tanzania, Kenya na Uganda. Dar es Salaam ina uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000, na katika mji huo huo ndiko shaba yetu inakopandishwa melini. Dereva mmoja ninayemfahamu, anayepeleka shaba huko kila mwezi, ameshaanza kupiga hesabu zake. Anasema foleni ya kushusha mzigo bandarini siku zote humla siku tatu au nne, na kila mara huwa anailaani. Ile ya 2027 anaiombea iwe ndefu.