Kukuza mchezaji: maana yake, na kwa nini si sawa na kumfundisha

Kwenye habari za michezo, "kufundisha" na "kukuza" hutumika kama neno moja. Kocha fulani "amemkuza" kijana, klabu fulani "inakuza vipaji". Ukiingia ndani ya klabu utakuta ni kazi mbili, zinafanywa na watu tofauti, na mara nyingi zinagongana.

Kumfundisha mchezaji ni kumwandaa kwa mechi inayokuja: asimame wapi mpinzani akiwa na mpira, amkabe nani kwenye kona, aanze kukimbia wakati gani. Kumkuza ni kupanga misimu yake mitatu au minne ijayo ili afikie uwezo ambao leo hana. Kocha mkuu anaishi kwa kalenda ya mechi. Akipoteza tano mfululizo anafungashiwa virago. Kijana wa miaka 19 kalenda yake ni ya miaka. Lazima awepo mtu wa kuzishika kalenda zote mbili, na kumtwisha kocha mzigo huo peke yake ni kumwonea. Kazi hiyo ni ya menejimenti: mkurugenzi wa michezo au wa ufundi, mkuu wa akademi, daktari, na wale wanaoandika mikataba.

Kilichomo mikononi mwa kocha

Kwanza ni namba, yaani nafasi anayocheza uwanjani. Thierry Henry alitua Arsenal mwaka 1999 akitokea Juventus, ambako alichezeshwa pembeni. Arsène Wenger, aliyewahi kumfundisha Monaco, akamhamishia kati, awe mshambuliaji. Akaja kuifungia klabu hiyo mabao 228, rekodi yake. Kinachosahaulika ni kwamba mechi kadhaa za mwanzo zilipita bila bao. Kubadilishiwa namba hugharimu wiki, pengine miezi, ya kuonekana mbovu: mchezaji anapokea mpira akiwa amelipa mgongo goli la mpinzani, anakimbilia nafasi ambazo hajazizoea, na mashabiki wanazomea. Kocha ambaye kibarua chake kinaning'inia hawezi kulipa gharama hiyo. Atamrudisha pembeni baada ya mechi mbili, na hakuna atakayejua kilichopotea.

Pili ni namna mazoezi yanavyopangwa, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika bila mtu kuyaona. Chukua zoezi la pasi kati ya koni. Mchezaji anapiga pasi 50 zilezile, hakosei hata moja, kila mtu anaridhika. Siku ya mechi pasi hiyohiyo inapotea, kwa sababu uwanjani pasi huanza na macho: kutazama nyuma ya bega, kuchagua, kisha kupiga huku mtu anakuja. Zoezi la koni limeondoa kutazama na kuchagua, likabakisha mguu tu. Utafiti wa jinsi watu wanavyojifunza miondoko umeonyesha mara nyingi kwamba ukichanganya stadi ndani ya zoezi moja, makosa huongezeka siku hiyo ila kinachobaki kichwani baada ya wiki ni kingi zaidi. Kocha anayekuza hukubali mazoezi yaonekane ya ovyo. Kocha anayepimwa kwa jinsi mazoezi ya Jumanne yanavyopendeza machoni pa mwenyekiti atarudi kwenye koni.

Maelekezo nayo yana namna yake. "Upeleke mpira nyuma ya beki wa pili" hufanya kazi vizuri kuliko "kaza kifundo, inamisha kifua", kwa kuwa mwili hujipanga wenyewe akili ikishika shabaha. Na kocha anayepiga kelele dakika 90 pembeni ya uwanja huzalisha mchezaji anayesubiri kuambiwa. Kelele hizo huwafurahisha watazamaji, lakini kwa mchezaji wa miaka 18 ni mkongojo.

Tatu ni dakika za kucheza, ambazo zinahitaji maelezo marefu kidogo.

Dakika, na mzigo unaokuja nazo

Mechi si mtihani tu, ni mazoezi makubwa kuliko yote ya wiki. Kiungo hukimbia kilomita 10 hadi 12 ndani ya dakika 90, na mbio zake nyingi za kasi ya juu kwa wiki nzima hutokea humo. Anayesugua benchi hakosi uzoefu peke yake. Anakosa pia hizo mbio. Ikiwa kesho yake anapumzika sawa na waliocheza, mwili wake unashuka taratibu bila yeye kujua.

Dawa yake ni ya kawaida. Waliokaa benchi hufanya kazi ya kufidia jioni ileile au kesho yake asubuhi: mchezo mdogo wa wanne kwa wanne, kisha mbio za mita 30 hadi 40 karibu na kasi kamili, na mapumziko ya kutosha katikati. Kinachoharibu ni mambo ya uendeshaji. Kocha wa viungo amepanda basi na timu, msimamizi wa uwanja hataki nyasi zikanyagwe baada ya mechi, au wamebaki wachezaji watatu tu na hakuna wa kucheza nao. Wiki ya nne beki wa kwanza anaumia, kijana anaingizwa, dakika ya 60 anashika nyuma ya paja. Wanasema ana mwili dhaifu. Kilichokosekana ni mbio nane za mita 40 kila baada ya mechi.

Kupima mzigo si lazima kuwe na vifaa vya satelaiti. Nusu saa hivi baada ya zoezi, kila mchezaji anaulizwa lilikuwa gumu kiasi gani kutoka 0 hadi 10, na jibu linazidishwa kwa dakika. Zoezi la dakika 90 lililopewa 7 ni 630. Jumlisha wiki nzima. Kijana aliyekuwa akibeba 1,500 kwa wiki, akapandishwa kikosi cha kwanza na ghafla akabeba 3,000, yuko kwenye hatari ambayo hesabu ya daftari imeionyesha mapema. Kuna klabu hulinganisha wiki hii na wastani wa wiki nne. Namba hiyo inafaa kuibua swali, haitabiri jeraha, na wanaoiuza kama utabiri wamepingwa sana na wataalamu wenzao.

Jambo moja huua mfumo huu wote: majibu yakifika kwa kocha mkuu na kutumika kupanga kikosi, wachezaji watadanganya. Nani atasema amechoka siku mbili kabla ya mechi kubwa? Majibu yaishie kwa kocha wa viungo na daktari, na kocha mkuu apewe ushauri tu.

Kilichomo mikononi mwa menejimenti

Uamuzi mzito kuliko yote juu ya kijana wa miaka 19 mara nyingi haumtaji hata jina. Yeye ni beki wa kushoto. Klabu inasajili beki wa kushoto wa miaka 23 kwa mkataba wa miaka mitano. Njia imefungwa hapo, hata kocha akimpenda vipi. Ndiyo maana klabu makini huwa na chati ya kikosi: kila namba ina mstari wake, na ndani yake majina, umri na mwaka mkataba unapoisha, kwa misimu mitatu mbele. Kabla ya kusajili mtu, mkurugenzi anauliza ni kijana gani usajili huo unamfunika.

Mfano unaorudiwa sana ni Kevin De Bruyne. Chelsea walimsajili mwaka 2012, wakampeleka Werder Bremen kwa mkopo, akarudi akacheza mechi 3 za ligi msimu wa 2013/14, na Januari 2014 akauzwa Wolfsburg. Mwaka 2015 Manchester City wakamnunua. Hadithi ya vijiweni ni kwamba hawakukiona kipaji. Mimi naona chati: Hazard, Oscar, Mata, Willian na Schürrle walikuwa wakigombea nafasi zilezile, ndani ya klabu iliyotaka ubingwa msimu huohuo. Hakuna zoezi linaloweza kutengeneza dakika ambazo hazipo.

Mikataba nayo husukuma uwanja. Kwa kanuni za FIFA, mkataba wa mchezaji wa kulipwa hauzidi miaka 5 kwa kawaida, na kwa aliye chini ya miaka 18 hauzidi 3. Miezi 6 ya mwisho yuko huru kuzungumza na klabu nyingine. Kwa hiyo uamuzi wa kumwongezea mkataba ufanywe mwaka mmoja na nusu kabla. Ukichelewa, kinafuata kile kinachofahamika sana: hajasaini, anawekwa benchi ili alegee, msimu unapotea kwa pande zote. FIFA ina kanuni inayogusa hali ya namna hii: mchezaji aliyekwisha kukomaa kwenye soka la kulipwa, akicheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za klabu msimu mzima, anaweza kudai kuvunja mkataba kwa sababu za kimichezo. Kijana anayechipukia hana kinga hiyo.

Mkopo ndicho chombo kinachotumika vibaya zaidi. Harry Kane alipitia mikopo minne, Leyton Orient, Millwall, Norwich na Leicester, na si yote iliyokuwa mizuri. Norwich aliumia mguu, Leicester alianzia benchi mara nyingi. Mkopo unaofaa huanza na maswali ya kuchosha. Timu inayompokea inacheza vipi, na inacheza kwa namba yake? Nani yuko mbele yake, na je, mkopo huu umetokana na jeraha la mtu atakayerudi baada ya wiki sita? Kocha wa huko ana mkataba hadi lini? Klabu nyingi huweka kipengele cha fedha: akicheza mechi chache kuliko idadi iliyokubaliwa, ada ya mkopo inapanda. Kipengele hicho husaidia hadi siku kocha aliyemwomba anapofukuzwa, maana anayekuja hakumwomba. Hapo ndipo faida ya kuwa na mtu maalumu wa kufuatilia wachezaji wa mkopo inapoonekana, anayetazama mechi zao na kuwapigia simu kila wiki, si kila mwezi wa dirisha la usajili. Tangu Julai 2024, FIFA inaruhusu klabu kutoa wachezaji 6 na kupokea 6 tu kwa mikopo ya kimataifa, ila waliokuzwa na klabu hiyo na wenye miaka 21 au chini hawahesabiwi.

Pale kalenda mbili zinapogongana

Mgongano huonekana wazi kwenye majeraha. Aliyekatika kano ya mbele ndani ya goti akirudi kabla ya miezi 9, hatari ya kuumia tena ni kubwa zaidi. Kocha anamhitaji baada ya miezi 7. Mchezaji mwenyewe naye anataka kucheza, mkataba unaisha. Daktari akiwa ameajiriwa na kocha, au anaweza kufukuzwa naye, jibu limeshajulikana. Daktari awajibike kwa uongozi wa klabu, na neno lake kuhusu kurudi uwanjani liwe la mwisho.

Hali ni hiyohiyo kwenye kupumzisha wachezaji. Ligi ya kikapu ya NBA ina mechi 82 kabla ya mtoano. Novemba 2012 kocha Gregg Popovich wa San Antonio Spurs aliwarudisha nyumbani Tim Duncan, Tony Parker, Manu Ginóbili na Danny Green badala ya kuwachezesha dhidi ya Miami, na ligi ikaipiga klabu faini ya dola 250,000. Mwaka 2014 Spurs walichukua ubingwa. Sidai kwamba pumziko lile ndilo lililoleta kombe. Ninachosema ni kwamba kocha anaweza kufanya hivyo pale tu anapojua wenye timu hawatamgeuka faini ikifika. Ligi yenyewe baadaye ilikaza kamba: tangu msimu wa 2023/24, tuzo nyingi kubwa zinahitaji mchezaji awe amecheza angalau mechi 65.

Kwa vijana wa akademi mgongano huja na urefu. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa karibu na miaka 14, wasichana karibu na 12. Mwaka huo miguu inakuwa mizito, mpira unamkwepa mtoto aliyekuwa hodari, na magoti yanauma chini kidogo ya kifuniko. Apimwe urefu kila miezi mitatu, kuruka na mikwaju vipunguzwe, na asikatwe kwenye timu mwaka huo. Wanaokatwa mapema, wengi wao ni waliozaliwa miezi ya mwisho ya mwaka wa usajili. Wamezidiwa miezi, kipaji wanacho.

Kwenye michezo ya mtu mmoja benchi la ufundi ni dogo, kazi ni zilezile. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa na miaka 18, akakosa nafasi ya Olimpiki ya 2012, na mwaka uliofuata akahamia marathoni akiwa na kocha yuleyule, Patrick Sang. Kocha hupanga kilomita. Meneja hupanga mbio gani zikimbiwe. Wanamarathoni wa juu hukimbia mbili kwa mwaka, na pesa za kualikwa kwenye ya tatu ndizo zinazompima meneja.

Katika timu, jaribio kubwa huja siku kocha anapoondoka. Kila mchezaji anayekuzwa anapaswa kuwa na faili: malengo mawili au matatu, yanayoweza kuonekana kwenye video ("apokee mpira akiwa ameangalia mbele", si "awe na ari"), vipande vya mechi vinavyoyathibitisha, na mapitio kila wiki sita. Mara nyingi faili hilo liko kwenye kompyuta ya kocha msaidizi, na kocha msaidizi huondoka na bosi wake. Kijana anaanza upya na mtu asiyejua kwamba miezi minne iliyopita walikuwa wakimbadilisha namba. Faili liwe mali ya klabu, na anayehojiwa kwa kazi ya ukocha alisome kabla ya kusaini, kisha aulizwe ni dakika ngapi za ligi atawapa walio chini ya miaka 21, na jibu lake liandikwe kwenye mkataba.